Sanduku Lenye Mwenyewe

Bi Earline Tubbs hakubisha hodi. Mtaani kwetu alikwisha kuvuka umri wa kubisha hodi. Alisukuma mlango wa jikoni wa akina Pettway, akatua mkoba wake mezani katikati ya vyombo vya kifungua kinywa, akauliza:

"Charnita, kuku niagize sinia ngapi?"

"Kuku wa nini, Bi Earline?"

"Wa nini! Wa sanduku la Tavion. Mwezi wa nane umeingia, mtoto anaondoka wiki ijayo, na mimi sijasikia siku wala saa. Nimekaa hapo ng'ambo nakodolea dirisha lako kama mtu anayengoja posho."

Charnita alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha kutakata. Aliendelea kuisugua.

"Mwaka huu hatufungui sanduku," alisema.

Basi hapo lazima mgeni aelewe uzito wa neno hilo. Upande wetu huu wa kusini wa Chicago, mtoto akipata chuo, sanduku linafunguliwa. Linawekwa katikati ya sebule, kifuniko wazi, watu wanakuja na chakula na kelele zao, na kila mmoja anatia ndani kitu cha kumsitiri mtoto ugenini: shuka, taulo, pasi, taa ya mezani, noti iliyokunjwa ndani ya soksi. Na anayetia kitu husema neno. Hata kijana wa Shemasi Whitlow, aliyekuwa anaenda chuo cha hapa hapa mjini na kurudi kulala kwao, alifunguliwa sanduku. Alipata taulo za kufungulia duka. Kumtoa mtoto nyumbani bila sanduku ni kama kumzika mtu bila nyimbo.

"Roland ana zamu nyingi wiki hii," Charnita aliongeza. "Na Tavion mwenyewe hapendi makuu."

Yote mawili yalikuwa uongo, na Bi Earline, aliyemfundisha Charnita shule ya Jumapili, aliufahamu uongo wake tangu ulipokuwa mdogo.

"Ni Lavelle," alisema kwa sauti ya chini.

"Bi Earline, si unaona nina sufuria hapa."

"Naona unavyoitesa." Akachukua mkoba wake, akatoka kama alivyoingia.

Ilikuwa ni Lavelle, naam. Miaka mitatu nyuma, katika sebule hiyo hiyo, sanduku lilifunguliwa kwa ajili yake, kifungua mimba wa nyumba hii, aliyekwenda chuo hicho hicho cha Tavion. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi za nje. Mwezi wa kumi na moja akarudi, sanduku nyuma ya gari la baba yake, na hakusema kilichomrudisha. Tangu siku hiyo Charnita alijihisi kama mtu aliyekula mchango wa watu. Na wiki mbili zilizopita, jikoni kanisani, Noreen Gadsden alimwambia mbele ya wanawake wote, mdomo umejaa keki: "Safari hii tulete taulo, Charnita, au tukukodishie?" Wakacheka. Charnita naye alicheka, akaenda kwenye gari lake, akakaa humo mpaka kile kicheko kilipomtoka usoni.

Aliapa mle ndani ya gari. Hatakusanya taulo za watu mara ya pili.

*

"Kwa hiyo mimi natolewa kama mzigo wa magendo," Tavion alisema.

Walikuwa mezani, wote wanne, jambo ambalo halikutokea mara nyingi. Roland alikuwa bado na shati lake la udereva wa basi, vifungo viwili vimeachiwa. Lavelle alikaa mwisho wa meza karibu na mlango wa ngazi za chini, mahali alipokaa siku zote tangu arudi, kama mpangaji. Kulikuwa na kuku wa mchuzi mzito na mboga za majani zilizopikwa na nyama iliyokaushwa kwa moshi, na hapana aliyesifia.

"Hapana aliyesema magendo," Charnita alijibu. "Nimesema tutaondoka Jumapili ya wiki ijayo, kimya kimya, kama watu wazima. Kelele za nini?"

"Kelele za kwamba naenda chuo, Mama! Unajua mshauri wa shule aliniambia nini? Aliniambia nifikirie ufundi wa viyoyozi. Hakuangalia hata alama zangu. Nikamwambia nimeshachukuliwa, akaniuliza, 'Una hakika barua ni yako?' Nikanyamaza kwa sababu nilijua nikifika nyumbani kuna watu watakaopiga kelele."

"Ufundi wa viyoyozi si kazi mbaya," Roland alisema.

"Baba, si kazi mbaya. Lakini si niliyoomba."

Charnita akampakulia mboga ambazo hakuziomba. Tavion akasukuma sahani.

"Mama, sema ukweli. Unadhani nitarudi."

Hapo angejibu haraka, mambo yangekwisha. Lakini Charnita alikawia. Macho yake, bila kuagizwa, yalikwenda mwisho wa meza, kisha yakarudi, na kukawia kule kukawa ndilo jibu. Tavion aliliona. Lavelle pia aliliona.

"Sawa," Tavion alisema. "Kama mama yangu mwenyewe ananihesabia siku za kurudi, kuna haja gani ya kwenda? Msimamizi wa kina Lavelle pale ghalani wanakobeba makreti anatafuta watu. Jumatatu naenda kuandikishwa. Kule angalau nitaingia mchana, watu wakiniona."

"Huendi ghalani," Roland alisema.

"Kaka yangu anaenda."

Uma wa Lavelle ulisimama. Alitazama sahani yake kana kwamba kuna kitu amekidondosha humo. Kisha aliinuka, akaipeleka kwenye sinki, akaiosha, akaikausha, akasema, "Chakula kizuri, Mama," akateremka ngazi kwenda chumbani kwake chini ya nyumba.

Waliobaki walisikiliza hatua zake mpaka mwisho.

*

"Hodi."

"Huku chini hakuna hodi, kuna unyevu tu. Ingia."

Lavelle alikuwa amejilaza kitandani na buti za kazi. Kando yake, likitumika kama meza ya televisheni, lilikuwa lile sanduku: jeusi, pembe za shaba, limefunikwa kitambaa kana kwamba ni maiti. Tavion aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Usije ghalani kwetu," Lavelle alisema akitazama dari.

"Mbona wewe unaenda?"

"Ndiyo maana nakwambia."

"Basi usinipangie. Hata wewe hukunipangia chochote siku zote hizo. Ulirudi ukashuka ngazi, basi."

Tavion, kwa hasira ya mtoto wa mwisho, akainua televisheni akaiweka sakafuni, akavuta kitambaa, akafungua sanduku. Akasimama hapo ameduwaa. Taa ya mezani ilikuwa bado kwenye boksi lake. Pasi ilikuwa na karatasi ya dukani. Shuka zimekunjwa kwa pini. Taulo zote zilikuwa na lebo, isipokuwa moja ya bluu, iliyopauka.

"Hukuvitumia?"

"Nilitumia taulo ya Bi Earline na shuka za Dada Noreen. Vingine nilishindwa."

"Ulishindwaje kutumia taa?"

Lavelle akaketi. Kwa muda alikuna goti lake. Halafu akaanza kusema, taratibu, kama mtu anayetoa vitu mfukoni kimoja kimoja, na Tavion alikuwa na akili ya kutomkatiza.

"Watu walidhani nilikuwa nacheza. Laiti ningecheza. Darasa la hesabu lilikuwa limejaa kama uwanja wa mpira, na weusi tulikuwa wanne. Mmoja aliacha wiki ya pili. Mtihani wa kwanza nilipata arobaini na moja. Mimi, dogo! Mimi niliyekuwa nawafundisha wenzangu hapa shuleni. Nikasema nitakuwa nasoma maktaba. Kila jioni mlinzi ananisimamisha, anataka kitambulisho. Mlinzi ni yule yule, mimi ni yule yule. Wenzangu wanapita, mimi napekua mifuko. Mwishowe nikaacha kwenda."

"Si ungemwendea mwalimu?"

"Ostrander. Daktari Ostrander, mama wa hesabu. Mlango wake ulikuwa wazi kila Jumanne. Nilipita pale mpaka nikajua rangi ya zulia lake, kijani. Sikuingia hata siku moja. Nilikuwa naona nikiingia, najishitaki mwenyewe. Namwambia: mama, mlikosea, huyu mliyemchukua siye."

"Ungewaambia nyumbani kwenye simu basi."

"Nimwambie nani?" Lavelle alicheka kicheko kisicho na furaha. "Nikinawa uso, taulo ya Bi Earline. Nikilala, shuka za Dada Noreen. Mtaa mzima ulikuwa umejaa chumbani mwangu, dogo, unanitolea macho. Sasa mtu amekununulia pasi, utamwambiaje kwamba huelewi hesabu?"

Tavion alicheka bila kutaka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayafuta haraka kwa bega.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na miaka kumi na tano, unavaa soksi zisizofanana. Ungefanya nini?"

"Na Mama?"

"Mama aliniuliza mara moja tu. 'Ulikuwa unacheza?' Nikasema ndiyo. Kusema nilicheza ni rahisi kuliko kusema niliogopa."

Juu yao maji yalipita kwenye mabomba. Charnita alikuwa bado anaosha vyombo.

"Mwambie," Tavion alisema.

"Wapi!"

"Usipomwambia, Jumatatu mimi niko ghalani. Haki ya Mungu."

"Unanitishia kwa maisha yako mwenyewe, mjinga wewe?"

"Sina kingine cha kukutishia."

*

Lavelle alimwambia Jumapili, baada ya ibada. Alichagua wakati Charnita anavua kofia yake ya kanisani mbele ya kioo cha sebuleni, kwa sababu alitaka kusema na mgongo, si na uso. Lakini kioo kilimsaliti, na alipofika kwenye habari za mlinzi, mama yake alikuwa amekwisha kugeuka, kofia mkononi.

Hasira ndiyo iliyotangulia. "Ulikuwa unanipigia simu kila Jumapili! Kila Jumapili unaniambia shwari, Mama, nakula vizuri, Mama! Na mimi nafunga simu namshukuru Mungu! Miaka mitatu, Lavelle, unaniacha nikuone mvivu? Nikikupikia nakupikia kwa kinyongo, nikikutazama nakutazama kwa kinyongo, na wewe unasema asante, chakula kizuri?" Akapiga kofia mezani, ua moja likang'oka likabingirika chini ya kochi. "Mimi nilikuwa na uchungu wa taulo! Taulo, Bwana wangu! Na mwanangu anaogopa kuingia maktaba!"

Kisha akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu, na kwa kuwa Lavelle ni mrefu, uso wake uliishia kwenye tai. Aliilowesha tai ile. Lavelle alisimama mikono imening'inia, halafu mikono ikapata mahali pa kwenda.

Roland alikuwa amesimama mlangoni muda wote, funguo za gari mkononi.

"Nilikuleta kwa gari kutoka kule mpaka hapa, kutwa nzima," alisema. "Redio ilikuwa imeharibika. Sikukuuliza hata neno."

"Nilishukuru, Baba."

"Najua ulishukuru. Mimi nilijiambia nakuheshimu." Akageuza funguo. "Kumbe niliogopa utakachojibu."

Hakuwa mtu wa maneno, na hayo yalimgharimu. Alitoka kwenda kuangalia oili ya gari ambayo aliiangalia jana yake.

Charnita aliokota ua la kofia, akanawa uso, akavuka barabara. Si barabara pana, lakini siku ile aliiona pana. Bi Earline alikuwa barazani kwake, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi.

"Jumamosi," Charnita alisema.

"Jumamosi kuna nini?"

"Unajua kuna nini."

"Mimi mzee. Niambie."

"Sanduku, Bi Earline. La Tavion. Tunafungua."

"Ahaa. Kuku niliagiza siku ile ile."

"Nilikwambia hakuna sherehe!"

"Uliniambia huku unasugua sufuria safi. Mtu anayesugua sufuria safi mimi simsikilizi." Alitoa mguu mmoja majini, akaukagua, akaurudisha. "Umelia."

"Nimelia." Na Charnita akamweleza yote, amesimama, kwa sababu alijua akiketi hatainuka. Mwisho akasema, "Ila waambie watu wasilete kitu. Vya Lavelle vipo, vipya kabisa. Atachukua Tavion. Sitaki tena mzigo wa watu."

Bi Earline alitoa miguu yote miwili majini. "Kwanza, hunipangii cha kuleta," alisema. "Pili, leta taulo hiyo hapo nikaushe miguu."

*

Jumamosi walikuja. Walikuja na sinia za kuku, na samaki wa kukaanga na tambi za nyanya, na makaroni ya jibini ya aina tatu yaliyoletwa na wanawake watatu ambao kila mmoja alichungulia sinia za wenzake. Kwenye uchochoro wa nyuma wazee walianza kucheza karata na kushutumiana wizi. Watoto walikanyaga maua. Kama kuna aliyejiuliza kwa nini mwaliko ulichelewa, alijiuliza huku anatafuna.

Lavelle na Tavion walipandisha lile sanduku jeusi kutoka chini, wakaliweka katikati ya sebule. Sauti zikapungua. Watu walilitambua. Charnita alisimama mbele yake, mikono imefumbatana tumboni, amevaa gauni la manjano alilolinunua kwa Pasaka.

"Naona mnalitazama," alisema. "Ndilo. Vitu mlivyompa Lavelle vimo humu, sikuviuza. Vilirudi. Mwanangu alirudi kwa sababu mambo yalimwelemea na hakuona mtu wa kumwambia, na mimi mamake sikumuuliza vizuri. Sasa vitaenda na mdogo wake. Ndiyo hayo. Mnaotaka kucheka, chekeni sasa tumalize."

Hapana aliyecheka. Lavelle alikuwa ameegemea ukuta karibu na ngazi, tayari kushuka.

Ndipo Bi Earline alipopita katikati ya watu na fimbo yake, akafika kwenye sanduku, akafunga kifuniko, akageuka, akalikalia. Alilikalia barabara, mkoba magotini, kama mtu aliyepata kiti cha mbele kanisani.

"Hili lina mwenyewe," alisema.

"Bi Earline, tafadhali."

"Charnita, mimi najua kuhesabu. Una wana wawili. Whitlow! Liko wapi?"

Shemasi Whitlow aliingia kinyumenyume, akihema, na sanduku jingine, la bluu, jepesi. "La kijana wangu," alisema. "Analala nyumbani, halina kazi. Nimeacha taulo ndani, msinirudishie, nawaomba."

Sebule nzima ikalipuka kwa vicheko. Sanduku la bluu likafunguliwa. Kila mmoja akatia chake na kusema neno lake. Bwana mmoja wa karata alitia kufuli, akasema, "Penda watu wote, funga mlango." Mwanamke wa nyumba ya kona alitia dawa za mafua na kusema kwamba profesa si Mungu. Roland alitia redio ndogo, akafungua mdomo, akaufunga, akamshika Tavion kisogo, na watu wakasema amina kama vile amehubiri.

Noreen Gadsden alikuwa wa mwisho. Alikuwa na mfuko wa dukani ameubana kwapani. Alitia mto kwenye sanduku la Tavion, akasema la kusema, kisha hakurudi mahali pake. Alikwenda moja kwa moja ukutani kwa Lavelle. Wanawake wa jikoni kanisani walitazamana.

"Nilifanya mzaha kuhusu taulo," alisema. "Mzaha wa kipumbavu. Nilimwumiza mama yako, na nadhani na wewe umesikia."

"Nilisikia, Anti."

Akatoa taulo kwenye mfuko. Bluu, nzito, bado na kibandiko. "Ile ya Bi Earline, nasikia, umeitumia. Chukua hii. Siulizi unaenda wapi wala lini. Na ukienda ukarudi nayo, nitanunua nyingine. Ukarudi tena, nitanunua nyingine. Nafanya kazi, Lavelle. Hela za taulo ninazo."

Lavelle aliishika ile taulo kwa mikono miwili. Miaka mitatu alibeba kitu ambacho hapana aliyemtwika, na sasa aliona kinamtoka mabegani mbele za watu, na hakujua autazamishe wapi uso. Akauficha kwenye taulo.

"Inuka, Bi Earline," Noreen alisema, "mtoto atie kitu chake."

Bi Earline aliinuka. Lavelle alifungua sanduku jeusi, akaweka taulo mpya juu ya zile za zamani, akalifunga. Halafu akamwendea mdogo wake.

"Mimi sijanunua kitu," alisema mbele ya wote. "Kesho nakwenda na nyinyi. Kuna mlango nataka nikuoneshe."

*

Walipofika chuoni Jumapili jioni, walikuwa wamezungumza njia nzima, hata Roland, ambaye aligundua kwamba akishika usukani maneno humjia kwa urahisi kidogo. Redio ya gari ilikuwa imetengenezwa tangu mwaka juzi na hapana aliyeiwasha.

Charnita alitandika kitanda cha Tavion, akakitandua, akakitandika upya. Akajitambulisha kwa mwenzake wa chumbani, na kwa wazazi wa mwenzake, na kwa msichana aliyekuwa anapita tu. Mlangoni mwa bweni mlinzi aliwataka vijana vitambulisho. Roland alimsogelea akamwuliza jina lake, akaliandika polepole, akasema, "Mimi ni baba yao. Tutaonana mara nyingi." Alilisema kwa adabu kabisa.

Asubuhi yake, kabla ya safari ya kurudi, Lavelle alimchukua mdogo wake mpaka jengo la hesabu. Lilikuwa jengo refu la matofali, sakafu zake zinang'aa, na Lavelle alilipanda bila kuuliza njia. Kwenye ujia wa ghorofa ya tatu hatua zake zikapungua, zikasimama. Mbele yao mlango mmoja ulikuwa wazi.

"Ndio huo?" Tavion aliuliza.

"Zulia la kijani."

"Haya, gonga."

"Gonga wewe. Wewe ndiye mwanafunzi."

"Mimi siujui huu mlango," Tavion alisema. "Wewe ndiye unayeujua."

Lavelle alijifuta viganja kwenye suruali. Aliona aibu, mwanamume mzima wa kunyanyua makreti, kuogopa mlango kama mtoto aliyeitwa na mkuu wa shule. Akagonga.

"Pita, uko wazi!" Ndani alikuwa mama mmoja wa Kizungu, mfupi, miwani imepandishwa kwenye nywele, anakula tufaha juu ya rundo la karatasi. "Mmepotea?"

"Hapana, mama," Lavelle alisema. "Hatuna shida yoyote. Huyu ni mdogo wangu, Tavion Pettway. Anaanza darasa lako wiki hii. Nimemleta umjue uso kabla hajawa na shida."

Daktari Ostrander aliweka tufaha chini. "Hapana aliyewahi kuja kabla ya shida," alisema, akampa Tavion mkono. "Karibu. Jumanne nipo hapa, na siku nyingine ukiona mlango wazi ingia tu." Akamgeukia Lavelle. "Na wewe umesoma hapa?"

Angeweza kusema hapana. Alitazama zulia.

"Nilikuwa kwako, miaka mitatu iliyopita. Mtihani wa kwanza nilipata arobaini na moja. Nikaenda zangu."

"Arobaini na moja?" Mama yule alivuta miwani ikashuka puani. "Mtihani ule wa kwanza nusu ya darasa huanguka, kila mwaka. Wanaokuja hapa tunaurudia pamoja, na wengi hufaulu somo. Arobaini na moja ilikuwa alama ya kuanzia tu. Hukuambiwa?"

Hakuambiwa. Au aliambiwa katika lugha ya watu ambao walikwisha kujua. Ilimchoma, hatudanganyi, miaka mitatu ya kreti ilimpita machoni, na mlango ulikuwa wazi namna hii hii. Alitamani kupiga kitu. Alitamani pia kucheka. Tavion alimshika mkono wa shati, kama alivyokuwa akifanya zamani wakivuka barabara, na hakuuachia.

"Masomo uliyoyaacha yanaweza kuendelezwa," Daktari Ostrander alisema. "Ukiomba upya sasa, unaweza kuingia Januari. Ofisi iko ghorofa ya chini, nitakupeleka mwenyewe. Au unahitaji muda wa kujiandaa kwanza?"

Lavelle alimtazama mdogo wake, kisha mama yule, kisha mlango uliokuwa nyuma yake.

"Hapana," alisema. "Sanduku ninalo tayari."